Tope la Njia Nyingine

Mvua ya Machi hapa haibishi hodi.
Huingia bondeni kwa mlango wa bahari,
hupanda na mto Dyfi kinyume na mkondo wake,
na ikifika kwetu imeshavua viatu.
Mgeni wa siku mbili;
ya tatu hangoji kupewa,
hujitwalia jembe mwenyewe.

Njia hii Baba aliichonga kwa sururu na koleo,
Jumapili thelathini na moja,
yeye na Tudur wa shamba la juu,
wenzao wakiimba kanisani.
Kila kona akaipa jina, kama abatizaye:
Goti la Tudur, pale Tudur alipovunjia goti;
Kikaango, changarawe zinapotatarika chini ya tairi;
Usimwambie Mama;
na ile ndefu, iliyolala ubavuni mwa mlima
kama mkono uliopakata mtoto.
Hiyo hakuifanyia mzaha.
Aliiita Heledd.
Ni mimi.

Asubuhi nimesukuma pedali hadi geti la kondoo,
pumzi mvuke, mapaja yanadai deni.
Juu pale bonde halina siri:
mto unajikunja na kujikunja
kama mtu asiyetaka kufika,
malisho mabichi hadi jicho linauma,
na moshi mmoja, wa jiko letu.
Nikashusha kiti. Nikaachia breki.

Mteremko hauna majina, una vitenzi:
inama, egemea, ruka, tua,
mizizi ya mwaloni, kata kushoto,
jiwe bapa, limelowa, usiguse breki, usiguse,
makangaga yananichapa vidole,
egemea tena, ngoja, ngoja,
sasa

hewa.

Nilisimama hatua tatu kutoka ukingoni,
tairi la mbele likitetemeka, au mikono.
Kona yangu haipo.
Usiku mlima umeitema mtoni
pamoja na ukuta wa mawe alioupanga bila saruji,
na chini kule maji rangi ya chai ya maziwa
yanapita, wala hayageuki.
Nikabeba baiskeli begani,
nikazungukia kijito cha machimbo ya zamani.

Baba ana nyonga mbili za chuma
ambazo hazipandi tena baiskeli.
Kwa hiyo hupanda maneno yangu.
Mezani, kila Jumapili:
“Goti la Tudur?”
“Lipo. Linauma.”
“Kikaango?”
“Kinakaanga.”
“Na Heledd?”

Chai yangu ilikuwa imepoa. Nikainywa yote.
“Ipo,” nikasema. “Nimeipita bila breki.”

Hakujibu. Aliushika mkongojo,
akaenda mlangoni ilipoegemea baiskeli,
akakwangua tairi kwa ukucha,
akalisugua tope kati ya vidole viwili
kama mshonaji anayepima kitambaa.
“Jekundu,” akasema.
“Tope langu ni la kijivu, juu mpaka chini.
Kutu hii ni ya kijitoni.”

Saa ya ukutani ikafanya kazi yake.

“Imekwenda yote?”
“Yote.”
Nilidhani atakaa chini. Akacheka,
kicheko kikavu, cha mtu aliyeshikwa na deni la zamani.
“Maji niliyapa mlango mwembamba.
Tudur aliniambia. Nikajitia uziwi.
Miaka ishirini na miwili naingoja iniumbue.”

Kisha, bila kunitazama:
“Sururu iko nyuma ya banda.
Mpini umelegea, uloweke kwanza, uvimbe.
Mimi nitapelekwa na trekta la Tudur,
nitakaa kwenye kiti,
nitatukana.”

“Na hiyo mpya tutaiitaje?”
“Chimba kwanza,” akasema.

Nje mvua ilikuwa inaanza siku yake ya nne.
Nikatia mpini kwenye ndoo.
Tope jekundu lilibaki kwenye ukucha wake
mpaka wakati wa kulala,
hakulinawa.